Picha kwa Hisani ya Mtandao

Mpiga picha mwenye kazi nyingi kuliko wote Afrika Mashariki anaitwa Mtandao. Fungua magazeti yetu, shusha macho chini ya picha, utamkuta: "Picha kwa hisani ya mtandao." Bwana huyu yuko kila mahali. Asubuhi yuko uwanjani na Simba na Yanga, mchana yuko Serengeti na nyumbu, jioni yuko msibani, na usiku huohuo yuko Ulaya kwenye mkutano wa marais. Hachoki. Hadai nauli, hadai posho, na lililo tamu kuliko yote kwa mhariri, hadai malipo.

Mimi ni mwandishi wa habari na kamera naibeba mwenyewe, kwa hiyo na bwana huyu nina ugomvi. Picha yangu moja ya mafuriko, niliyoipiga maji yakiwa magotini, niliikuta kwenye gazeti moja ambalo sitalitaja. Ilikuwa imekatwa pembeni, pale pale palipokuwa na jina langu, na chini akaandikwa huyo Mtandao. Nikapiga simu kuuliza. Aliyepokea alinijibu kwa upole kabisa: "Sasa mdogo wangu, si uliiweka mtandaoni mwenyewe?"

Jibu lile limenikaa kichwani kwa sababu si la mtu mmoja. Wengi wetu ndivyo tunavyoamini. Kilichowekwa hadharani ni cha hadhara, kama embe lililoangukia njiani: anayepita anaokota, anafuta vumbi, anakula. Basi nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba ubishi huu ulikuwepo miaka zaidi ya mia kabla ya intaneti, kwamba umefika mahakamani mara nyingi, na kwamba katika kila kisa kuna kitu kimoja kinajirudia. Picha haiibwi hivi hivi. Kwanza huondolewa jina.

Hebu twende taratibu.

Picha za kamera zilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, pale Ufaransa ilipoonyesha uvumbuzi wa Louis Daguerre. Swali lililofuata lilikuwa gumu kwa wanasheria wa wakati ule. Mchoraji anatumia mkono wake na kichwa chake, hilo halina ubishi. Lakini mpiga picha? Si anafungua tundu, mwanga unaingia, dawa inafanya kazi, kwisha? Kama kazi ni ya jua na mashine, mtu anadai nini?

Mwaka 1862 ubishi huo ulichemka Paris. Kampuni ya Mayer na Pierson ililalamika kwamba picha yao ya Cavour, mwanasiasa mkubwa wa Italia, imenakiliwa na kuuzwa na watu wengine. Wachoraji wakubwa, Ingres akiwemo, walitia saini waraka wa kupinga upigaji picha usihesabiwe kuwa sanaa. Mahakama haikuwasikiliza. Ilikubali kwamba picha inaweza kulindwa kama kazi ya mtu. Mwaka huohuo Uingereza nayo ikatunga sheria iliyozitaja picha, na mwaka 1865 Marekani ikafuata.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha New York. Januari 1882 mwandishi Oscar Wilde, kijana wa miaka 27, nywele ndefu, majivuno tele, alikuwa amefika Marekani kwa ziara ya mihadhara. Akaenda studio ya Napoleon Sarony, aliyekuwa mpiga picha wa watu maarufu wa mji ule. Sarony akampiga picha nyingi. Ile iliyopewa namba 18 ikapendeza kuliko zote: Wilde amekaa, ameinama kidogo mbele, shavu limeegemea mkono, ana kitabu. Haikupita muda kampuni moja ya uchapaji, Burrow-Giles, ikainakili na kuchapa nakala 85,000. Bila kuuliza, bila kulipa.

Sarony akaenda mahakamani. Utetezi wa kampuni ulikuwa uleule wa zamani: picha ni kazi ya mashine, haina mtunzi. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, na Machi 1884 majaji wakasema hapana. Nani alimkalisha Wilde vile? Nani alichagua mavazi, mapazia, mwanga na kivuli? Nani aliuvuta ule uso mpaka ukaonyesha alichotaka? Ni Sarony. Kabla kamera haijafunguka, picha ilikuwa imeshaumbwa kichwani mwake. Kwa hiyo yeye ndiye mtunzi.

Alilipwa dola 610. Gawa kwa nakala 85,000 uone: haifiki hata senti moja kwa nakala. Lakini nadhani alichokipata kilikuwa kikubwa kuliko dola hizo.

Kuna kipande kingine cha kesi hiyo ambacho watu hukiruka. Chini ya picha Sarony alikuwa ameandika kwa Kiingereza maneno machache: hakimiliki, 1882, N. Sarony. Kampuni ikadai kwamba hilo "N." halitoshi, alitakiwa aandike jina lake zima la Napoleon. Yaani wamechapa nakala elfu themanini na tano halafu wanabishana na herufi moja! Mahakama ikasema inatosha, kwa sababu lengo la maandishi yale ni kumjulisha anayeiona picha kwamba ina mwenyewe, na mwenyewe ni nani. Lishike hilo, tutalirudia.

Sasa turudi kwetu. Pwani yetu ilikuwa na wapiga picha mapema sana. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na studio za Wagoa, kama ile ya A.C. Gomes, na baadaye ndugu wa Coutinho. Picha zao za mji, za bandari na za watu wa Unguja zilichapwa kwenye postikadi zikasambaa duniani. Ukibahatika kuziona leo kwenye makumbusho au kwa wakusanyaji, nyingi zina jina la studio limechapwa. Ndiyo sababu tunajua nani alipiga nini. Zisizo na jina hatujui, na huenda hatutajua kamwe.

Wazazi wetu nao wanajua desturi hii. Toa albamu ya zamani nyumbani, geuza picha ya harusi au ya ubatizo, utaona nyuma muhuri wa studio. Negativu zilibaki studio ndani ya bahasha yenye namba. Ukitaka nakala nyingine unarudi na namba yako.

Negativu ilikuwa kitu kikubwa kuliko tunavyodhani. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni yake, Kenya ikiwemo, ilisema kwamba mmiliki wa negativu pale inapotengenezwa ndiye anayehesabiwa mtunzi wa picha, na ulinzi ni miaka 50 tangu siku hiyo. Ilikuwa kama hati ya kiwanja. Ila sheria hiyohiyo ilikuwa na kona yake: kama mteja ameagiza picha na ameilipia, basi hakimiliki inaanzia kwa mteja, isipokuwa wamekubaliana vingine. Mwenye studio anakaa na negativu, lakini haki ya sura ya bi harusi iko kwa aliyetoa hela.

Kwa vyovyote, negativu ilifanya kazi tatu kwa mpigo. Ilikuwa ushahidi, ilikuwa jina, na ilikuwa kufuli. Anayetaka kuiba alibidi apige picha juu ya picha, na kilichotoka kilikuwa kimefifia. Wizi ulijionyesha wenyewe.

Sasa kisa cha pili, ambacho pengine umekivaa mwilini.

Tarehe 4 Machi 1960 meli ya Kifaransa iitwayo La Coubre, iliyokuwa na shehena ya silaha, ililipuka bandarini Havana na kuua watu wengi. Kesho yake Fidel Castro alikuwa akihutubia kwenye maombolezo. Chini ya jukwaa alikuwepo Alberto Korda, akilipigia picha gazeti la Revolución. Kwa sekunde chache Che Guevara akasogea mbele ya jukwaa, akatazama umati, akarudi nyuma. Korda alishapiga mara mbili. Gazeti halikuitumia picha hiyo kesho yake, likachagua nyingine. Korda akakata pembeni, akamtoa mtu wa upande mmoja na matawi ya mti wa upande mwingine, akaitundika ukutani kwenye studio yake.

Hapa nisimame kidogo, maana mtu huyo alipita kwetu. Aprili 1965 Che aliingia Dar es Salaam kwa siri, ndevu kanyoa, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo. Majina ya siri ya viongozi wa kikosi chake yalikuwa ya Kiswahili: Moja, Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Novemba mwaka huo aliondoka ameshindwa, akajificha ubalozi wa Cuba Dar es Salaam, akaandika kumbukumbu za vita ile. Fikiria, mtu aliyekuja kwetu kaficha sura na jina, leo sura yake iko kwenye fulana za mitumba, migongoni mwa bajaji na kwenye vioo vya matatu. Ukimuuliza mwenye fulana kwamba huyu ni nani, wengi watakujibu. Muulize picha kaipiga nani.

Ilikuwaje? Mwaka 1967 mchapishaji wa Kiitaliano, Giangiacomo Feltrinelli, alifika Havana kwa Korda akitafuta picha ya Che. Korda akampa nakala mbili bure, kwa heshima. Oktoba mwaka huo Che akauawa Bolivia. Feltrinelli akachapa mabango, na mabango yakaenda kama maji. Chini pembeni yaliandikwa hakimiliki, mwaka 1967, na jina la duka la vitabu la Feltrinelli. Jina la Korda halikuwepo.

Umeona? Maneno ni yaleyale aliyoyaandika Sarony chini ya picha ya Wilde. Ila safari hii waliyaandika watu wengine. Na kuanzia hapo kila aliyenakili alinakili kutoka kwenye nakala isiyo na Korda, na aliyenakili kwa huyo hakuwa hata na sababu ya kujiuliza. Cuba nayo haikuwa mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, mpaka mwaka 1997. Miaka thelathini na ushee Korda hakupata kitu kwa picha iliyonakiliwa pengine kuliko nyingine yoyote ya karne ile.

Kilichomuudhi hatimaye hakikuwa fulana. Korda alisema wazi kwamba hana tatizo na wanaoitumia picha kueneza mawazo ya Che. Mwaka 2000 aliiona kwenye tangazo la vodka ya Smirnoff, akafungua shauri London dhidi ya wakala wa matangazo na wakala wa picha. Wakamalizana nje ya mahakama kwa dola 50,000, naye akazitoa kwa ajili ya matibabu ya watoto wa Cuba. Mwaka uliofuata akafariki. Aliweza kushinda kwa sababu negativu alikuwa nayo, yenye fremu zote za siku ile, na yule mtu wa pembeni, na matawi ya mti. Mwenye nakala ana kipande tu. Mwenye picha ana kabla na baada.

Kisa cha tatu ni cha zama zetu. Tarehe 12 Januari 2010, jioni, tetemeko la ardhi liliipiga Haiti. Daniel Morel, mpiga picha mzaliwa wa nchi hiyo, alikuwa Port-au-Prince. Akaingia mitaani, akapiga, na kwa kuwa njia nyingine zilikuwa zimekatika, akazituma picha zake Twitter kupitia huduma ya TwitPic. Muda mfupi baadaye mtu mwingine akazichukua na kuziweka kwake kama zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kwa huyo wa pili, likazisambaza kwa jina lake, na kupitia Getty Images zikafika kwenye magazeti makubwa ya dunia. Mji uliobomoka ulikuwa wa Morel, hatari ilikuwa ya Morel, jina likawa la mwingine.

Morel alipodai haki yake, AFP ndiyo iliyotangulia mahakamani New York, ikiomba itamkwe kwamba haikukosea. Hoja yake unaijua tayari: masharti ya Twitter yanaruhusu watu kusambaza vilivyowekwa humo. Yaani "si uliiweka mtandaoni mwenyewe," ila kwa Kiingereza cha mawakili. Mwaka 2013 jaji akaikataa hoja hiyo. Kuweka picha mahali ionekane si kumpa kila mtu leseni ya kuiuza. Novemba mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama likaamua AFP na Getty wamlipe Morel takriban dola milioni 1.2, na ndani ya hukumu hiyo kukawa na kosa la peke yake: kuweka taarifa za uongo kuhusu mwenye picha. Kubadilisha jina tu, hilo nalo ni kosa.

Sasa ndugu msomaji utasema, haya ni ya Marekani, sisi je? Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na zote zinazitambua picha. Chini ya Berne haki inazaliwa pale picha inapozaliwa, hahitajiki mtu kusajili kwanza. Lakini hata mkataba huo ulikuwa na ubaguzi wake: kwa vitabu na muziki ulitaka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 zaidi, kwa picha ukaridhika na miaka 25 tu. Ule wasiwasi wa "ni mashine tu" ulikuwa bado hai. Ni mkataba mwingine, wa mwaka 1996, ulioziweka picha sawa na kazi nyingine kwa nchi zilizojiunga nao. Mkataba huo pia ukazitaka nchi hizo zikataze kufuta taarifa za kielektroniki za umiliki. Jina tena.

Na makufuli je? Watu wamejaribu mengi. Miaka ya 2000 ilikuwa fasheni kuzima kitufe cha kulia cha kipanya, ukibofya unapata onyo kali. Ikawekwa picha tupu isiyoonekana juu ya picha halisi, ili anayepakua apate utupu. Zote ni mapazia, si milango. Picha ikishaonekana kwenye skrini yako, maana yake nakala imeshaingia kwenye kompyuta yako, na anayeshindwa vyote anapiga picha ya skrini. Kuweka picha ndogo kunasaidia zaidi, kwani haichapiki vizuri gazetini. Kupitisha jina juu ya picha kunasaidia pia, ukiliweka katikati ya kitu muhimu. Pembeni ni pa mkasi, muulize anayejua.

Kuna pia jina linaloandikwa ndani ya faili lenyewe, pamoja na tarehe na aina ya kamera. Zuri sana, ila mitandao mingi ya kijamii hulifuta unapopandisha picha. Kwa upande mwingine, tangu TinEye ilipoanza mwaka 2008 na Google ikafuata 2011, unaweza kuiuliza intaneti picha yako iko wapi. Mimi hufanya hivyo. Inatia hasira, lakini inafundisha.

Hata akili mnemba imeingia humu. Mwaka 2023 Getty Images, wale wale, waliishtaki London kampuni ya Stability AI kwa kutumia picha zao kuifundisha mashine kutengeneza picha. Baadhi ya picha zilizotoka zilikuwa na nembo ya Getty imepinda pinda, kama mzimu. Hukumu ya Novemba 2025 iliyatupa madai makubwa ya hakimiliki yaliyobaki, lakini kwenye zile nembo Getty wakashinda sehemu. Mashine ilimeza picha, ikashindwa kumeza jina.

Siandiki haya ili kila mtu afunge picha zake kabatini. Picha inataka macho. Hata wale wanaotoa kazi zao bure kupitia leseni za Creative Commons, zilizoanza mwaka 2002, leseni zao kuu zinakuruhusu kunakili na kusambaza, ila zote zinadai jambo moja: mtaje aliyeipiga. Anayekupa bure bado anataka jina lake, kwa sababu jina ndilo linaloleta kazi ya kesho. Mpiga picha kijana wa mkoani asiye na ajira hana pensheni, ana jina. Ukilikata, umekata simu ambayo ingempigia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Tunza faili halisi kama wazee walivyotunza negativu, pamoja na zile za kabla na za baada. Andika jina ndani ya faili na juu ya picha. Tafuta picha zako mara kwa mara. Ukiikuta mahali, usianze na matusi, anza na ankara: picha gani, tarehe gani, kiasi gani. Na ukiwa mhariri, ukikosa jina la mpiga picha, tafuta. Ukikosa kabisa, tumia picha nyingine.

Haya, jioni njema. Nina ankara ya kuandika.